Mafunzo ya siku tatu ya mawasiliano ya biashara mjini Mtwara: fedha yangu ilirudi siku ya pili

Mwishoni mwa Agosti, wakati wenye mashamba ya mikorosho wanahesabu mifuko ya dawa ya salfa iliyobaki na wanunuzi hawajaanza kujaa katika nyumba za wageni, kampuni moja ya mafunzo kutoka Dar es Salaam ilifungua darasa la siku tatu katika ukumbi wa hoteli iliyoko Shangani, mjini Mtwara, kwa ada ya shilingi 180,000 kwa kila mshiriki. Tangazo lao liliahidi kwamba tutajifunza kuandika barua na ujumbe wa biashara, kuandaa wasilisho, na kuzungumza mbele ya watu bila woga. Mimi ninaendesha kiwanda kidogo cha kubangua korosho huko Mikindani, chenye wafanyakazi kumi na wanne, na mwaka uliopita nilishindwa mara mbili kuieleza kazi yangu kwa watu ambao wangeweza kuikuza. Mara ya kwanza ilikuwa mbele ya afisa mikopo wa benki. Mara ya pili ilikuwa mbele ya meneja ununuzi wa hoteli moja ya Dar es Salaam, ambaye alinisikiliza kwa dakika kumi kisha akaniuliza, kwa upole ulioniuma kuliko ukali, ni kitu gani hasa ninachokiuza. Nilijilipia ada, nikamlipia na dada anayeshughulikia mauzo yetu, na haya ninayoyaandika ni maelezo ya kile tulichokipata kwa hizo shilingi 360,000. Jina la kampuni silitaji, kwa kuwa kasoro zao nimekwisha kuwaandikia wenyewe.

Asubuhi ya siku ya kwanza nusura inikimbize. Ratiba ilisema saa mbili, lakini mkufunzi alishika kipaza sauti saa tatu na nusu, kwa maelezo kwamba tunawasubiri wenzetu wanaokuja na basi la alfajiri kutoka Masasi, jambo ambalo lingepangiwa mapema kama kuna mtu angewauliza wanatokea wapi. Tulitimia watu ishirini na wawili: makatibu na wahasibu wa AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima, vinavyowauzia korosho zao mnadani), vijana wawili wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini, mwenye duka la dawa, afisa wa taasisi ndogo ya mikopo, mama mmoja mwenye mkataba wa kuwapikia mafundi upande wa Madimba kwenye mitambo ya gesi, na wengine wa namna hiyo. Kundi hili, ambalo kila mmoja wake huzungumza na wateja kwa Kiswahili tangu asubuhi hadi jioni, liliwekewa ukutani slaidi sitini na nne zilizoandikwa kwa Kiingereza kitupu, kwa herufi ndogo kiasi kwamba waliokaa nyuma walizipiga picha kwa simu na kuzikuza ndipo wazisome. Mojawapo ya slaidi hizo ilieleza kanuni ya Guy Kawasaki, Mmarekani aliyepata kuinadi kompyuta ya Macintosh ya Apple kabla ya kuwa mwekezaji katika kampuni changa, inayosema kwamba wasilisho la kuomba mtaji liwe na slaidi 10, lisizidi dakika 20, na herufi zake zisiwe ndogo kuliko pointi 30. Mkufunzi aliisoma kanuni hiyo, akaisifu, kisha akabonyeza kwenda slaidi inayofuata.

Kilichonikera zaidi ni takwimu moja ambayo nimeikuta katika karibu kila mafunzo ya aina hii. Tuliambiwa kwamba maneno hubeba asilimia 7 tu ya ujumbe, sauti hubeba 38, na mwili pamoja na uso hubeba 55 zilizobaki. Hesabu hiyo ina mwenyewe, naye ni mwanasaikolojia Albert Mehrabian wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na inatokana na majaribio mawili yaliyochapishwa mwaka 1967, ambamo watu walisikilizishwa neno moja moja lililotamkwa kwa sauti za namna tofauti, na kuonyeshwa picha za nyuso, ili wakadirie kama msemaji anampenda au anamchukia anayesemeshwa. Mehrabian mwenyewe amekwisha kueleza kwamba hesabu yake inahusu hisia na mapenzi tu, wala haihusu kila mazungumzo. Mkulima wa Nanyamba anayetaka kujua kilo yake imeuzwa shilingi ngapi mnadani hawezi kuipata bei hiyo katika nyusi za katibu wake. Nilimfuata mkufunzi wakati wa chai nikamweleza hayo, naye akajibu kwamba ndivyo alivyofundishwa na yeye, walau hakubisha.

Mchana mambo yalibadilika, kwa sababu aliingia mwezeshaji wa pili, dada mmoja mtulivu ambaye siku tatu kabla ya darasa alikuwa ametutumia ujumbe akitaka kila mshiriki aje na barua moja halisi aliyowahi kumwandikia mteja, benki au ofisi ya serikali. Aliichukua yangu, ile niliyomwandikia meneja wa hoteli, akaisoma kwa sauti mbele ya wote bila kutaja ni ya nani. Ilianza hivi: “Husika na kichwa cha habari hapo juu. Awali ya yote napenda kuchukua fursa hii adhimu kukushukuru kwa ushirikiano wako uliotukuka.” Meneja huyo hajawahi kushirikiana nami kwa lolote. Bei ilijitokeza katika aya ya nne, na kiasi cha korosho nilichokuwa naweza kumpelekea hakikutajwa popote.

Mwezeshaji hakutaka tuige barua za Kizungu, na hilo nilimheshimu nalo. Alituacha na Kumb. Na., akatuacha na YAH: kwa herufi kubwa, akisema kwamba mistari hiyo miwili inamsaidia karani wa masjala kuipeleka barua panapostahili. Alichokifuta ni ile “husika na kichwa cha habari”, kwa hoja kwamba inamrudisha msomaji mahali alipotoka sasa hivi. Kisha akatutaka sentensi ya kwanza ibebe ombi zima: nani anaomba nini, kiasi gani, kwa bei gani na kuanzia lini. Baada ya kuandika na kufuta mara tano, barua yangu ilianza namna hii: “Tunaomba kukuuzia kilo 60 za korosho nzima zilizobanguliwa, daraja la W320, kila mwezi kuanzia Novemba, kwa shilingi 28,000 kwa kilo, pamoja na gharama za kuzifikisha jikoni kwako.” Shukrani zilihamia mwisho wa barua, nazo zikapungua hadi mstari mmoja.

Kuhusu ujumbe wa WhatsApp, ambako ndiko biashara zetu nyingi zinakofanyikia kwa kweli, tulipewa nusu saa tu, ingawa lingestahili nusu siku. Yaliyosemwa yalikuwa ya maana: bei, tarehe na namba za akaunti ziandikwe, zisitamkwe, ili mteja aweze kuzitafuta baadaye, ujumbe wa sauti usizidi dakika moja, na anayesalimia aandike salamu na shida yake katika ujumbe uleule, badala ya kutuma “habari za asubuhi” na kungoja mpaka mchana ndipo aseme anachotaka. Mama wa Madimba alikataa sharti hilo la mwisho, akasema kwamba wapo wateja wake watu wazima ambao bila kuitikiwa salamu kwanza humhesabu mtu kuwa hana adabu. Suala hilo liliachwa hapo.

Siku ya pili ndiyo niliyoilipia. Kila mshiriki alisimama kwa dakika tano zilizopimwa kwa saa, akawasilisha jambo halisi la kazi yake huku akirekodiwa kwa simu, kisha video ikaonyeshwa ukutani na wenzake wakamweleza walichokiona. Mkufunzi alitukumbusha kwamba mtindo huu wa kupimiana muda na kukosoana ndio ambao vilabu vya Toastmasters, vya kujifunza kuzungumza mbele ya watu, vimeufuata tangu vilipoanzishwa huko California mwaka 1924, na kwamba hauhitaji kifaa chochote zaidi ya saa na watu wenye subira. Mwanzoni subira ilizidi. Baada ya kila mzungumzaji tulikuwa tukisema, “Ameongea vizuri sana, tumpigie makofi,” kwa kuwa hakuna aliyetaka kumkosoa mtu mzima hadharani, mpaka yule dada mwezeshaji alipopiga marufuku neno “vizuri” kwa siku nzima. Aliyetaka kusifu alilazimika kusema ni sentensi gani aliyoikumbuka, na aliyetaka kukosoa alilazimika kusema ni wapi alipopotea. Kuanzia hapo darasa likawa darasa.

Wa nne kusimama alikuwa katibu mmoja wa AMCOS kutoka upande wa Tandahimba, mzee wa miaka sitini na kitu, ambaye zoezi lake lilikuwa kuwatangazia wakulima matokeo ya mnada. Alianza kwa kumtambua mwenyekiti wa kijiji, mtendaji, diwani, wajumbe wa bodi, viongozi wa dini na wazee wa kijiji, akamalizia na “itifaki imezingatiwa”, na kufikia hapo dakika tatu na nusu zilikuwa zimekwisha. Mkufunzi akamkatiza kwa kugonga meza na kusema muda, muda. Mzee hakukasirika. Alivua miwani, akasema, “Mwanangu, nisipomtaja mwenyekiti kwanza, hiyo bei unayotaka niiseme hakuna atakayeisikia, maana watakuwa wananong'ona kwa nini sikumtaja.”

Ukumbi ulicheka, lakini mkufunzi, na hapa ninampa haki yake, alinyamaza kidogo kisha akakiri kwamba mzee anasema kweli. Yalifuata majadiliano ya karibu saa moja ambayo hayakuwa katika ratiba, na kwangu ndiyo yaliyokuwa bora kuliko yote ya siku zile tatu. Mtu mmoja alisema katika mikutano ya kwao bei huandikwa ubaoni kabla mkutano haujafunguliwa, hivyo itifaki haimcheleweshi mtu. Mwingine alisema wakulima wake husubiri mambo matatu tu: bei iliyopatikana, makato yatakayotoka katika kila kilo, na siku fedha zitakapoingia benki, mengine yote huyasikiliza kwa sikio moja. Tukaafikiana kwamba itifaki ibaki, itajwe kwa vyeo bila majina na bila sifa, nayo isizidi nusu dakika. Kisha bei, makato na siku ya malipo vifuate kwa mpangilio huo, kila kimoja kirudiwe mara mbili, na hapo ndipo msemaji aendelee na habari za mahudhurio na mafanikio ya chama. Mzee alisimama tena, akafanya hivyo, akamaliza dakika moja kabla ya muda. Halafu akauliza, kwa uso mkavu, kama sasa anaruhusiwa kumsalimia diwani.

Zamu yangu ilikuwa baada ya chai (ya siku hiyo ilikuja na ming'oko ya moto na korosho za kukaanga, na ninaona ni haki kuitaja kwa sababu chakula cha siku nyingine kilikuwa cha kawaida). Nilirudia maelezo niliyoyatoa benki mwaka uliopita. Nilipojitazama ukutani niligundua kwamba nilikuwa nimesema “yaani” mara thelathini na moja, nilikuwa nikishika sikio kila nilipotaja fedha, na nilikuwa nimezungumzia paundi, unyevu na madaraja ya W320 na W240 kwa dakika tatu bila kumweleza msikilizaji hata kimoja. Sisi wa biashara hii tumezoea kwamba ubora wa korosho ghafi hutajwa kwa paundi za kiini zinazopatikana katika gunia la kilo 80, na tukisikia paundi 48 tunajua mara moja kwamba gunia hilo lina kiini cha kama kilo 22. Kwa afisa mikopo, paundi 48 ni namba tu. W320 nayo humaanisha kwamba paundi moja ya korosho nzima haina zaidi ya punje 320, hivyo namba ikishuka punje huwa kubwa zaidi na bei hupanda. Nilikuwa nimeitamka mara sita kana kwamba ni jina la mtu anayefahamika.

Mwezeshaji hakuniambia nirahisishe, neno ambalo nimelichoka. Aliniuliza swali moja: kama ningekuwa na mifuko miwili mkononi, ningeweka nini ndani yake? Nikajibu kwamba wa kushoto ungekuwa na kilo nne za korosho ghafi, na wa kulia kilo moja ya zilizobanguliwa, kwa kuwa hicho ndicho kipimo changu cha kawaida nikishaondoa za kuvunjika na zilizoungua. Akaniambia nianzie hapo. Kwa hiyo maelezo yangu ya pili yalianza kwa mifuko: wa kushoto nimeununua kwa shilingi 14,000, yaani shilingi 3,500 kwa kilo, wa kulia ninauuza kwa shilingi 28,000, katikati ya mifuko hii miwili ndipo ilipo mishahara ya watu kumi na wanne, kuni, vifungashio, nauli ya mzigo, riba ya benki, na faida yangu. Yule afisa wa taasisi ya mikopo, aliyekuwa amekaa safu ya pili akisinzia, aliinua kichwa akauliza faida ni kiasi gani, na nilipomjibu akaandika. Mwaka mzima nilikuwa sijawahi kumwona mtu wa mikopo akiandika kitu nilichokisema.

Kuhusu kujibu maswali, ambalo ni jambo lililonisumbua zaidi kuliko kuzungumza, tulifundishwa kidogo lakini kwa vitendo. Wale vijana wa bandarini waliulizwa na mteja wa kuigiza atalipa kiasi gani kontena lake likichelewa kutoka, na wote wawili wakabahatisha. Video iliporudiwa, ulionekana wazi ule mwendo wa macho wa mtu anayebuni. Wakafundishwa kusema kwamba hesabu kamili wataituma kwa maandishi kabla ya saa kumi jioni, wakataja na mambo yanayoiongeza. Ningependa zoezi hili lingefanywa na kila mshiriki, lakini muda uliokuwa umeliwa na slaidi za siku ya kwanza haukuweza kurudishwa.

Siku ya tatu sina mengi ya kuisemea. Umeme ulikatika saa nne kasoro, na mkufunzi aliyetusisitizia juzi yake kwamba kila mwasilishaji awe na njia mbadala hakuwa na karatasi za ubaoni wala kalamu nene, tukakaa dakika arobaini tukipepea nyuso kwa vitini. Ulipowaka, walikuja maofisa wawili wa benki kusikiliza maombi ya mtaji ya watu watano tuliojitolea. Maswali yao yalikuwa matatu na hayakubadilika: fedha inatoka lini, inarudi lini, na msimu ukiwa mbaya utalipa kwa kitu gani. Kwa mbanguaji swali la pili ndilo gumu, kwa sababu malighafi hununuliwa katika miezi michache ya minada kuanzia Oktoba, wakati mauzo yanasambaa mwaka mzima, na mtu asiyechora jambo hilo kwa kalenda hueleweka kana kwamba anaomba fedha za kuweka ghalani. Niliwachorea kalenda. Baada ya hapo tulimsubiri mgeni rasmi, tukasikiliza hotuba ndefu, tukapewa vyeti na kupiga picha ya pamoja.

Mwenye kutaka kujua kama ada inafaa nitamjibu kwa sharti. Kwa mtu mwenye jambo maalumu la kuwasilisha katika miezi miwili ijayo, akiwa na barua yake, hesabu zake na mteja wake kichwani, shilingi 180,000 si ghali, hata akilipia siku tatu na kufaidi moja na nusu. Kwa anayetafuta cheti cha kuambatisha kwenye maombi ya kazi, au kijana ambaye bado hana cha kuuza, ningemshauri asubiri. Na anayelipa kutoka Newala, Masasi au Lindi aongeze nauli na malazi ya usiku usiopungua mitatu katika hesabu yake, kisha awaulize waandaaji kabla ya kutuma fedha mambo mawili: vitini viko kwa lugha gani, na kila mshiriki atasimama mara ngapi. Sisi tulisimama mara mbili, nami ningelipa zaidi ili nisimame mara nne na slaidi zipungue hadi ishirini. Ukumbi ulikuwa mzuri, upepo wa bahari ulisaidia umeme ulipokosekana, na maji ya kunywa hayakupungua.

Limebaki moja. Katika ada hiyo tuliahidiwa simu ya ufuatiliaji baada ya wiki tatu, ili kila mmoja aeleze alipofikia na asaidiwe alipokwama. Wiki ya sita ilipopita kimya niliwaandikia barua pepe ya sentensi mbili, kwa utaratibu waliotufundisha wenyewe: ya kwanza ikiomba simu hiyo ipigwe kabla ya mwisho wa mwezi, ya pili ikitaja kasoro za lugha na muda kama nilivyozieleza hapa. Jibu lilikuja siku iliyofuata, kwa WhatsApp, kama ujumbe wa sauti wa dakika nne na sekunde kumi.